Mguu wa Kuku Kwenye Kola

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alianguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika nyonga, na shule yangu ikaishia hapo, darasa la tatu. Hakufa, ila hakulima tena. Mama alikuwa na wadogo zangu wanne wa kulisha. Shangazi yangu, Bi Fatu, akaja Lindi kutoka Dar es Salaam kumjulia hali kaka yake, na alipoondoka aliondoka na mie. Tuliteremkia hapa Mtoni, na hapa Mtoni ndipo nilipo mpaka leo. Msinionee huruma. Nilifika jioni, nikala wali kwa maharage, asubuhi yake nikapewa beseni la nguo za watu. Tangu siku hiyo sijala cha mtu bila kukifanyia kazi.

Haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, mie Bi Somoe, dobi. Mjukuu amenirekebishia herufi tu. Nilimwambia akigusa maneno yangu hali ubwabwa wangu, na mnamjua anavyopenda kula.

Ninawaandikia nyie vijana wa mtaani kwetu mliojiandikisha kuhudumia wageni wa mashindano makubwa yanayokuja. Mlikuja kwangu siku ile na fulana zenu mpya, mmependeza kama maharusi, mkaniuliza kama Bibi nilishawahi kumwona mchezaji wa nchi nyingine kwa macho. Mmoja wenu, simtaji, akasema mpira hauna siasa, mpira ni upendo. Sikumbishia, maana alikuwa na mdomo uliojaa wali. Ila mie nimefua jezi za timu za taifa, za watu wa huku na za watu wa kule. Nguo chafu haijui kudanganya. Sasa sikilizeni.

Shangazi hakunifundisha kazi. Yeye alifua kama wanavyofua wengi, kwa nguvu na hasira. Aliyenifundisha udobi ni Mzee Mkuti, Mmakonde wa Newala, aliyekuwa na kibanda cha pasi ng'ambo ya barabara ya Kilwa. Mzee yule alikuwa na mikono laini kuliko ya bibi harusi kwa ajili ya sabuni, na maneno makavu kuliko unga wa muhogo. Siku ya kwanza alinipa shati lenye damu. Mie nikachemsha maji, najiona nafanya la maana. Damu ikashika ikawa kahawia. Mzee akaliinua lile shati juu kwa vidole viwili akalitazama.

"Umeipika," akasema. "Sasa mpelekee mwenyewe na kijiko."

Damu ni maji ya baridi na chumvi, wajukuu zangu. Jasho ni maji ya vuguvugu. Doa la nyasi ni sabuni ya mche ipakwe kavu, iachwe ikae, ndipo uguse maji. Jezi mpya nyekundu usiifue na kitu chochote unachokipenda. Namba ya mgongoni haipigwi pasi. Geuza nguo ndani nje, piga pembeni pembeni. Siku hizi mna mashine, haya. Mashine haijui damu ni nini.

Lakini kubwa alilonifundisha Mzee Mkuti ni alama. Dobi wa zamani hakuandika jina la mteja. Akina Juma wako wangapi Temeke hii? Kila mteja alipewa alama yake ya uzi, inashonwa ndani ya kola, nyuma pale shingoni. Mmoja mistari miwili, mwingine nukta tatu, mwingine msalaba. Mzee hakupenda herufi. Alisema herufi inamfaa aliyesoma, alama inamfaa kila mwenye macho. Tena alikuwa na sheria moja ambayo nimeishika mpaka leo: alama ya mtu haipewi mtu mwingine. Hata akihama. Hata ukisikia amekufa. Ukiigawa, siku nguo yake ikirudi utamvalisha nani?

Mpira uliingia nyumbani kwangu kwa mlango wa gesti. Mama Neema, jirani yangu, mtu wa Bara, alijenga gesti nyuma ya nyumba yangu. Uwanja mkubwa hauko mbali, basi yakija mashindano ya nchi za ukanda huu, timu zenye uwezo zilifikia hoteli zenye mashine za kufulia. Timu zisizo na uwezo zilifikia kwa Mama Neema, na Mama Neema alikuwa na mie.

Mambo niliyoyaona. Timu moja ilileta jezi na mlinzi. Mlinzi akakaa kitako mbele ya beseni langu asubuhi mpaka jioni akinitazama vidole, nisije nikatia dawa ya kuwafanya wafungwe. Nilipotaka kutia chumvi ili rangi ishike, akanishika mkono. Kumbe jezi zilikuwa na dawa yao tayari, na chumvi ingeiua. Nikamwambia basi rangi itatoka. Akasema bora rangi. Waliingia uwanjani na jezi za waridi, wao waliokuja na nyekundu, na wakafungwa vilevile.

Timu nyingine viongozi wao walisema ni mwiko mwanamke kushika bukta za wanaume. Nikawaambia sawa, mie sina shida, bukta zao hazina asali. Wakamtafuta mwanaume. Akapiga pasi juu ya namba, namba zote zikahamia kwenye pasi. Walirudi kwangu jioni wameziweka kwenye shuka, hawanitazami usoni. Nikazishona zile namba kwa mkono, na mwiko ukafa kifo cha kawaida.

Mwaka mwingine walikuja vijana wawili wenye vizibao vya kung'aa, wakaniambia niteremshe kamba yangu kwa sababu wageni wa mashindano watapita barabarani na nguo zilizoanikwa ni aibu kwa taifa. Nikawauliza wanajua zile nguo ni za nani. Hawajui. Nikawaonyesha bendera kifuani. Wageni wenyewe ndio waliokuwa wameanikwa. Wakashauriana pembeni, wakaniambia basi niziteremshe taratibu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Kuna nchi mbili za jirani, sizitaji, ambazo wakati ule zilikuwa zimegombana mpaka mpaka ukafungwa. Watu wa ndoa moja walikuwa hawaonani. Na mashindano hayana macho: timu zote mbili zikapangiwa gesti ya Mama Neema, moja chini, moja juu. Jezi za hawa kijani na nyeupe, za wale kijani na nyeupe. Na mie nilikuwa na kamba moja. Watunza vifaa wao wakaja uani kwangu, kila mmoja anasema jezi zake haziwezi kuning'inia kamba moja na za wale. Nikachukua kanga, nikaitundika katikati ya kamba. Nikawaambia huo ndio mpaka, anayetaka kuuvuka aombe ruhusa kwangu. Wakatazama kanga ile, wakatazamana, wakacheka bila kupenda. Kesho yake niliwakuta wamekaa nyuma ya ule mpaka wangu wanakula muhogo wa kuchoma sahani moja.

Katika timu mojawapo, ile ya chini, kulikuwa na kijana mmoja akiitwa Emanueli. Kiungo, namba kumi na nne. Alikuwa na Kiswahili cha kuokoteza, na kitu cha kwanza alichojifunza hapa ni shikamoo. Akaipenda. Akawa anawaamkia mpaka watoto wa chekechea, nao wanamjibu marahaba kwa fahari zote. Mazoezi yakiisha anakuja uani kwangu, anageuza ndoo, anakaa, anashika ncha moja ya taulo na mie nyingine, tunakamua. Alisema mama yake naye anafua nguo za watu. Alisema nikikunja uso nafanana naye. Nikamwambia basi mama yake ni mzuri.

Jezi zina namba, ila fulana za mazoezi na za ndani hazina, kwa hiyo kila mchezaji nilimpa alama yake. Emanueli nilimpa mguu wa kuku, mistari mitatu inayokutana, uzi mwekundu. Alipoiona akauliza kwa nini yeye kuku. Nikamwambia kwa sababu hatulii, anapekuapekua uani kwangu kutwa nzima. Akawa kila akiingia anapiga hodi kwa kuwika.

Siku waliyoondoka mvua ilinyesha. Fulana yake moja ya mazoezi, ya kijani, ilikuwa bado mbichi kwenye kamba. Gari la kwenda uwanja wa ndege linawasubiri, wenzake wanamwita. Nikataka nimfungie hivyo hivyo, akakataa, akasema atanuka bwawa ndege nzima.

"Iache ikauke, Mama. Nitaifuata."

Alama ile ile niliyompa akaichora kwa kidole kwenye ukungu wa kioo cha gari, akaondoka.

Mashindano yaliporudi tena hapa kwetu, timu ile ikarudi gesti ile ile, na majirani zao wa kijani na nyeupe wakapangiwa tena juu. Mie nimeshaitoa fulana kabatini, nimeikunja. Wakateremka mmoja mmoja, shikamoo Mama, marahaba, shikamoo Mama, marahaba. Namwangalia anayewika simwoni. Nikauliza kwa sauti: Kumi na Nne yuko wapi? Wote wakashika mabegi yao kama yameongezeka uzito. Pembeni alikuwa amesimama mtu mmoja mwenye suti, simjui, akawa ananitazama. Kijana mmoja akajibu kwamba namba kumi na nne ni yeye. Nikamwambia hongera, mwanangu. Nikairudisha fulana kabatini.

Yule mwenye suti aliandikwa msaidizi wa msafara. Hakujua hata kona inapigwaje. Alijua simu za wachezaji, vyumba vya wachezaji, na nani ameongea na nani. Kiswahili chake kilikuwa safi kama chetu, maana wazazi wake walikimbilia huku zamani na yeye alikulia huku. Wachezaji walimwita Bwana Mkubwa. Mie nilimwita Suti.

Aliyenieleza ni nahodha, Yusufu, mtu mzima mwenye wake na watoto, si wa maneno mengi. Alikuja uani mchana, Suti amekwenda kwenye mkutano wa viongozi wa timu. Akakaa kwenye ndoo ya Emanueli, akaanza kukamua taulo bila kuombwa. Alinieleza akikamua, na taulo lilikuwa limeshakauka zamani bado anakamua.

Mara ile waliporudi kwao kutoka hapa walipokelewa na watu wengi. Ulikuwa wakati wa uchaguzi. Wakubwa wakawaletea wachezaji fulana za chama kinachotawala, wazivae juu ya jezi, wapigwe picha. Wote wakavaa. Yusufu mwenyewe alivaa, hakunificha. Emanueli akaikunja ya kwake vizuri, akaiweka kwenye kiti, akasema ameshavaa ya nchi na nchi inamtosha. Hakutukana mtu. Hakupiga kelele. Baada ya wiki chache akachukuliwa nyumbani kwao. Mama yake alipeleka nguo za kubadilisha gerezani, zikarudishwa. Picha ya timu iliyotundikwa kwenye ofisi za mpira ikapigwa upya bila yeye, na tangu hapo jina lake halitajwi, si kwenye redio, si kambini.

"Hai?" nikamuuliza.

"Hatujui, Mama."

Walitaka kuvaa kitambaa cheusi mkononi. Suti akakataa. Walitaka kuandika jina lake kwenye fulana za ndani. Suti alikuwa anakagua fulana za ndani, tena sheria za mashindano zenyewe zinakataza maandishi ya namna hiyo, mchezaji anaadhibiwa na timu inaadhibiwa. Wakikosea, wao wataondoka lakini familia zao ziko kule. Yusufu hakuwa ananiomba kitu. Alikuwa anasema tu, kama mtu anayekohoa. Alipomaliza akaangalia kamba yangu.

"Anakwenda kufutika, Mama," akasema. "Mtu aliyecheza na sisi. Anafutika kama jasho."

Hapo nikasema neno ambalo nilikuwa sijalipima vizuri. Nikamwambia mie sina siasa, mie nina uzi.

Nilishona mchana ule na asubuhi iliyofuata. Jezi zote za mechi, za wanaoanza na wa akiba, na ya kipa. Ndani ya kola, nyuma, mguu wa kuku, uzi mwekundu. Jezi zote nikazitia alama ya mtu mmoja, jambo ambalo Mzee Mkuti asingelikubali, halafu nikajijibu mwenyewe kwamba sikuigawa kwa wengine. Niliwaazima wao kwake. Msidhani sikuogopa. Nilikuwa na mume mgonjwa ndani, Mungu amrehemu, na gesti ya Mama Neema ilikuwa ndiyo chungu chetu. Mie niliyeshona miaka yote bila kujichoma, siku ile nilijichoma nikaitia damu jezi ya beki wa kulia. Nikaitoa kwa maji ya baridi.

Suti alikuja kuchukua jezi mwenyewe, asubuhi ya mechi. Hakutuma mtu. Akaanza kugeuza moja moja pale pale uani, anaangalia kifuani, anaangalia mikono, anaangalia ndani. Akafika kwenye kola. Akachukua jezi ya pili, akaangalia kola. Ya tatu.

"Mama, hii ni nini?"

"Alama ya dobi, baba."

"Kwenye zote?"

"Zote za kwenu. Za jirani zenu wa juu nimezitia nukta mbili nyeusi. Rangi zenu ni moja na kamba yangu ni moja. Au unataka vijana wako waingie uwanjani na bendera ya wale?"

Hilo lilikuwa kweli. Na kwa wale jirani nukta zilikuwepo kweli. Nilimwonyesha. Akazitazama, akarudi kwenye jezi yake. Akapitisha kidole gumba juu ya uzi, taratibu, kama mtu anayepapasa kidonda cha mtoto ajue kama kimepona.

"Mara iliyopita uliwafulia wewe?"

"Mie."

"Na alama ilikuwa hii hii?"

Jamani. Kuku walikuwa wanapekua uani, na mie nasikia kila ukucha. Ningemwambia hapana, ningekuwa muongo, na uongo angeuona. Ningemwambia ndiyo, ningekuwa nimewauza watoto wa watu. Nikajibu kama alivyonifundisha mwalimu wangu.

"Kila mteja na alama yake, baba. Na alama ya mtu haifutwi mpaka aje achukue nguo zake."

Alikunja ile jezi. Nimeona wanaume wengi wakikunja nguo, wengi wanaziviringisha kama mkeka. Yule alikunja vizuri, mikono nyuma, kola juu. Akaiweka juu ya nyingine.

"Haya," akasema, akazibeba.

Yusufu alinipa tiketi. Miaka yote ile nafua jezi za watu sikuwahi kuingia uwanjani. Nilikuwa naujua mpira kwa madoa yake tu. Nikavaa dera langu la Idi nikaenda. Nilikaa karibu na vijana wa Temeke wenye mavuvuzela, wanakula mihogo na kachumbari, wanabishana kama mabalozi.

Timu zikapanga mstari. Wimbo wa taifa lao ukapigwa. Mnajua wenyewe, mchezaji huweka mkono kifuani. Yusufu aliinua mkono wake wa kulia, haukutua kifuani, ulikwenda nyuma ya shingo ukakaa hapo. Aliyefuata akafanya hivyo hivyo. Na aliyefuata. Kipa akavua glovu kwanza. Yule kijana aliyepewa namba kumi na nne alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Aliangalia kushoto, akaangalia chini, halafu naye akaupeleka mkono shingoni, na macho yake akayafumba mpaka wimbo ukaisha.

Uwanja mzima hakuna aliyejua. Kijana mmoja mbele yangu akageuka kwa wenzake.

"Hawa nao wanajikuna nini? Dobi wao kawawekea upupu?"

Wenzake wakacheka, na mie nikacheka nao, machozi yananitoka, na aliyekaa pembeni akanipa kipande cha muhogo akidhani nina njaa. Nimetukanwa sana katika kazi hii. Tusi lile ndilo pekee nililolipokea kwa mikono miwili.

Walifungwa mbili kwa moja. Sitawadanganya ili hadithi iwe tamu. Lile goli lao moja alilifunga beki wa kulia, mwenye jezi niliyoitia damu, na hakushangilia kwa kuruka. Alishika kola tu akakimbia kurudi katikati.

Siku ya kuondoka Suti alikuja uani peke yake. Mie nikajua sasa yamenifika. Nikakaa kwenye kigoda changu nikaendelea kusuuza, maana akinikuta nimesimama atadhani nataka kukimbia. Akatoa kwenye mfuko shati lake jeupe, la mikono mirefu, shati zuri.

"Nifulie hili, Mama. Gari linaondoka saa nane."

Nikamwambia jua lipo, litakauka. Hakuondoka. Alisimama pale.

"Na ulitie alama," akasema. "Lisije likapotea."

"Alama gani, baba?"

Alitazama kamba, na jezi zilizokuwa zinapepea zimegeuzwa ndani nje, kola zake zote nje, uzi mwekundu unaonekana mpaka barabarani.

"Hiyo hiyo."

Nilimshonea. Akalivaa pale pale likiwa na joto la pasi, akafunga vifungo mpaka cha juu, akavaa koti la suti juu yake. Huwezi kuona kitu. Akaniamkia shikamoo, mtu ambaye alikuwa hajaniamkia tangu aje. Nikamwitikia. Sijamwona tena wala sijui alikuwa na nini na Emanueli, kama alimjua, kama alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumchukua, au alikuwa na kijana wake mwenyewe. Nimewaza sana. Kuna madoa unayatoa bila kujua yalitokana na nini.

Kwa hiyo mpira hauna siasa, eeh. Haya. Ninachowaambia nyie mtakaowapokea wageni ni hiki. Mtapewa orodha ya majina na vyumba. Mtazame na asiyekuwepo. Ukimuuliza mtu mwenzake yuko wapi na akanyamaza, usimuulize mara ya pili mbele za watu, kama nilivyotaka kufanya mie. Mpe kazi ya mikono, mpe hata taulo akamue. Atasema mwenyewe. Na kama huwezi kumsaidia kwa kubwa, msaidie kwa kazi yako unayoijua. Kila kazi ina uzi wake.

Mwaka jana, asubuhi moja nikiwa naanika, simu iliita namba ndefu ya nje. Sauti ya Yusufu. Kastaafu, anafundisha watoto mpira. Akasema kuna mtu hapa. Nikasikia simu inabadilisha mkono, halafu kuwika. Kuwika kwa mtu aliyepungukiwa pumzi, lakini kuwika.

Nilikaa chini kwenye maji ya kusuuzia na kanga zangu zote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Fulana yangu imekauka?"

Nikamwambia imekauka. Ametoka. Mguu mmoja haupigi mpira tena, na alipotoka alimkuta mama yake bado yuko hai. Pasi ya kusafiria wamemnyima mpaka sasa, kwa hiyo hawezi kuvuka mpaka kuja. Nilitaka kumtumia, akakataa. Alisema alishaniambia ataifuata, hajaniambia nimpelekee. Kiburi kama changu. Mashindano haya yanayokuja anasema atajaribu tena kuomba pasi, na nyie mkimwona uwanja wa ndege mtu mwembamba anayechechemea na anawaamkia shikamoo wakati ni mkubwa kwenu, msimcheke. Mwitikieni marahaba, mleteni Mtoni.

Leo nina nyumba ya vyumba sita, vitatu nimepangisha. Nina kisima na pampu. Nina mashine mbili za kufulia, moja mbovu. Nina watoto watatu waliosoma, na hakuna anayenizidi kwa kuanika. Nina pasi ya mkaa aliyoniachia Mzee Mkuti. Nina kamba mbili, na ile kanga ya mpaka, imechakaa, naitumia kufutia viti. Nina ndoo moja isiyotiwa maji, ya kukalia wageni. Kabatini, ndani ya shuka jeupe, ipo fulana ya mazoezi ya kijani, safi, imepigwa pasi. Hiyo si yangu.